Kikao kimehamia Jumamosi, naomba tuthibitishe

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu, na wale mlio kwenye dozi wiki hii poleni zaidi.

Kikao chetu cha wagonjwa wa saratani si Jumapili tena, ni Jumamosi hii saa 4 asubuhi, palepale kwangu Magomeni, maana wenzetu watatu wanaingia dripu ya kemo, yaani dawa za saratani, hospitali ya Ocean Road Jumatatu wakaomba wapate siku nzima ya kupumzika, nikaona ni haki yao.

1. Mchango 5,000, tuma kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi. Hela inanunua vipimajoto, kila mgonjwa awe na chake nyumbani. Ukiwa kwenye kemo joto likifika 38 hiyo sio ya kumeza panado ukalala, ni hospitali hapohapo hata kama ni usiku wa manane, kinga ya mwili inakuwa imeshuka. Jamani hili nawaomba sana.

2. Njoo na daftari lako, umeandika kichefuchefu, maumivu, usingizi, chakula gani kimekaa tumboni. Kwa daktari muda ni mfupi na mengi tunasahau.

3. Anayekuuguza naye aje, nao wanachoka na hakuna anayewauliza.

Asiye na hela aje tu, aniambie inboksi. Tutatembea kidogo kabla ya uji, ule uchovu wa kemo unapungua ukijongea taratibu kuliko kulala kutwa.

Naomba kila mtu aandike NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nijue napika uji wa watu wangapi.