Barua kwa mdogo wangu anayechora vita

Mdogo wangu,

Picha yako nimeitazama. Farasi hawana shida. Shida ni kwamba kila askari umempa uso wake, nafasi yake na mwanga wake, basi vita vimegeuka gwaride.

Watazame wachoraji wa vita wa Italia wa karne ya 17. Pale Vatican, karne moja kabla yao, Konstantino, mfalme wa Roma, alichorwa katikati ya mapigano juu ya farasi, mshindi unamjua kabla hujauliza. Aniello Falcone wa Napoli akaachana na hayo: watu wanauana, wala humwoni jemadari.

Anza na rangi ya msingi. Walipaka kitambaa kizima udongo wa kahawia au mwekundu uliokolea, wakauacha ukauke. Hapo vivuli vyako vimeshapatikana. Kisha weka farasi mmoja mweupe karibu na katikati. Mmoja tu! Wa pili akipata mwanga uleule, jicho litatangatanga. Mzungushie vikundi vitatu au vinne vya miili iliyobanana.

Sasa vumbi, ambalo wewe umelisahau kabisa. Leonardo da Vinci alishaeleza, na maandishi yake yalichapwa Paris mwaka 1651: vumbi ni udongo, kwa hiyo chini huwa zito, na lile laini linalopanda juu hushika rangi ya hewa. Moshi wa bunduki upande unakotoka mwanga uwe mweupe zaidi. Acha vumbi lifunike kwato. Utajipunguzia nusu ya kazi.

Wapanda farasi wa mbali mwachie mchoraji Jacques Courtois akufundishe, yule waliyemwita Borgognone, aliyefuatana na jeshi miaka kama mitatu. Mguso mmoja wa giza ni farasi, nukta ya mwanga ni deraya. Uso hakuna.

Ila angalia: rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyokwenda. Ukipaka rangi za kati, zilizo baina ya mwanga na kivuli, nyembamba juu ya msingi uliokolea, msingi utazimeza. Ndiyo maana picha nyingi za aina hii leo ni giza lenye madoa meupe. Zipake nene kidogo. Nyeupe yao ilikuwa ya madini ya risasi, sumu hiyo. Tumia ya titani.

Na usisahau kitu kilichosimama wima. Salvator Rosa, katika picha yake ya vita ya 1652 iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris, aliweka nguzo za hekalu bovu; bila hizo fujo ile yote ingekosa kipimo.

Nitumie picha msingi ukikauka, kabla hujagusa uso wa mtu yeyote.