Malalamiko kuhusu meza mpya ya taa na mafunzo tuliyoahidiwa

Idara ya Taa,
Ukumbi wa Maigizo,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana Meneja,

KUH: MEZA YA KUONGOZEA TAA MLIYOTUUZIA

Ninaandika kwa niaba ya mafundi wa taa wa ukumbi huu kulalamikia meza mliyotuuzia, na zaidi ya meza yenyewe, namna mlivyotukabidhi. Mkataba unasema wazi kwamba faili za taa za maigizo yetu ya zamani zitafunguka katika meza mpya, na kwamba mafundi wetu watafunzwa mpaka waweze kuendesha igizo zima bila msaada. Ahadi zote mbili hazijatimizwa, na msimu wa shule umeshaanza. Wanafunzi wanaletwa kwa mabasi kutazama tamthilia wanazotahiniwa, na kwa wengi wao hii ndiyo mara ya kwanza kuingia katika ukumbi wa maigizo.

Mkufunzi mliyemtuma alifika asubuhi akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Sehemu kubwa ya muda huo alituonyesha jinsi ya kuchagua rangi kwenye skrini na kuzungusha taa za kutembea, zile zinazojigeuza kwa mota. Ukumbi wetu hauna hata taa moja ya kutembea, na orodha ya vifaa vyetu mlikuwa nayo tangu mlipotuandikia bei. Hakukaa na fundi yeyote wakaandika pamoja kyu, yaani amri za kubadilisha taa zinazohifadhiwa mezani, za onyesho moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo shida yetu kubwa ilipo. Meza yetu ya zamani ilihifadhi kila kyu kama picha kamili, kila chaneli (taa au kundi la taa) na kiwango chake cha mwanga. Ukibadilisha kyu ya 12, kyu ya 13 inabaki ilivyokuwa. Meza yenu inahifadhi mabadiliko tu. Taa ikiwashwa katika kyu ya 12 inaendelea kuwaka kyu baada ya kyu, mpaka ifike kyu inayoiamuru ishuke. Sisemi huo ni ubovu. Kumbi kubwa nyingi duniani hufanya kazi hivyo, na kwa tamthilia ndefu kuna faida: mwongozaji akitaka sebule iwe na mwanga zaidi, unabadilisha mahali pamoja na onyesho zima linafuata. Lakini hiyo ni namna nyingine kabisa ya kufikiri, na fundi hawezi kuing'amua kwa kutazama vitufe.

Katika mazoezi ya mwisho kabla ya kufungua, mwongozaji aliomba buluu iongezwe kwenye onyesho la usiku ufuoni. Kijana aliyekuwa mezani akaiongeza, akahifadhi. Buluu ile ikavuka hadi onyesho la mahakama, ikaenda mpaka mwisho wa igizo, pale mama anapobaki peke yake chini ya taa moja nyeupe. Mwongozaji alimfokea kijana huyo mbele ya waigizaji wote. Alikuwa amefanya sawasawa kile alichofunzwa, na aibu aliyoipata ilikuwa yenu. Baadaye tuligundua wenyewe kwamba meza ina amri ya kuhifadhi badiliko katika kyu moja tu bila kulivusha, na nyingine ya kuifungia kyu isipokee kitu kutoka nyuma. Ni mambo ambayo mkufunzi angeweza kuyaeleza kabla chai haijapoa.

Kuhusu faili zetu za zamani, muuzaji wenu alisema kila kitu kitafunguka. Tulizitoa katika muundo wa matini wa USITT (taasisi ya Marekani ya teknolojia ya maigizo), uliobuniwa ili meza za watengenezaji mbalimbali ziweze kusomana. Kyu na viwango vyake vilikuja. Mizunguko ya taa ya kuigiza moto na radi haikuja, wala kurasa za feda (vitelezi vya kupandishia na kushushia mwanga) tulizozipanga kwa maigizo tunayoyarudia kila mwaka. Kazi hiyo tunaiandika upya usiku, ukumbi ukishafungwa. Kama mlijua haitavuka, mngetuambia kabla hatujaiondoa meza ya zamani.

Lipo pia suala la taa za LED mlizotuuzia pamoja na meza. Utaratibu wa DMX512, unaopeleka amri kutoka mezani hadi kwenye taa, na uliotungwa mwaka 1986, hubeba anwani 512 kwa mkondo mmoja, na kila anwani ina viwango 256 tu, kuanzia 0 hadi 255. Kwa balbu za zamani hiyo ilitosha, kwa sababu uzi wa balbu huchelewa kupoa, na hatua ndogo hazionekani. LED haichelewi. Ikishushwa polepole kuelekea giza, macho yanaiona ikishuka ngazi kwa ngazi, na giza la mwisho wa onyesho, ambalo mwigizaji analihitaji liwe laini, linakuwa la kudundadunda. Taa hizo zina hali inayotumia anwani mbili kwa mwangaza, yaani viwango 65,536. Fundi wenu aliziweka zote katika hali ya anwani moja. Tumezipanga upya sisi wenyewe baada ya kusoma kitabu chake cha maelezo, ambacho hata mtu wa kutuelekeza kwacho hatukumpata.

Nyote mnajua kwamba huku stima hupotea. Meza ya zamani ilirudi mara tu jenereta iliposhika. Hii yenu ni kompyuta, nayo huchukua dakika kadhaa kuamka huku watazamaji wakikaa gizani. UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia umeme unapokatika, ingemaliza jambo hili, na haikutajwa popote katika makadirio yenu.

La mwisho ni kibao cha ziada cha feda. Kimo katika ankara, tumekilipia, na hakijafika. Fundi wa taa anapaswa kutazama jukwaa. Mwigizaji akivuta pumzi kabla ya neno lake, vidole vya fundi vinapaswa kuwa tayari juu ya feda vikimsubiri. Kwa sasa mafundi wangu wanainamia skrini kutafuta mahali pa kugusa, na wakati huo anayestahili kutazamwa hatazamwi. Mimi siwezi kulikubali hilo katika ukumbi huu.

Tunataka mkufunzi anayeijua kazi ya tamthilia aje akae nasi katika mazoezi ya igizo letu lijalo, tangu kyu ya kwanza iandikwe hadi usiku wa kufungua. Tunataka maelezo ya msingi ya meza yaandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa mafundi wetu vijana wanajifunza kwa Kiswahili. Kibao cha feda kifike kabla ya mwisho wa mwezi huu, pamoja na UPS inayoifaa meza, kwa gharama yenu. Na tupewe nambari ya fundi atakayepokea simu jioni, saa ambazo maigizo huchezwa. Laini yenu ya sasa hufungwa saa kumi na moja, nasi tunafungua pazia saa moja usiku.

Malipo ya awamu ya mwisho yamesimamishwa mpaka hayo yatekelezwe. Ninasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wako mwaminifu,

Fundi Mkuu wa Taa

Nakala: Meneja wa Ukumbi