Kabla hujamlaumu gcc

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za siku? Goti la mama vipi, na Salma ameshahama? Huku salama, joto tu.

Nimelisoma faili lako la Guix (kile chombo cha kufungasha na kusakinisha programu), lile lililogoma kujengwa ukamlaumu gcc, yule mtafsiri wa msimbo. Hashi (ile namba ya kuhakiki msimbo uliopakuliwa) iko sawa, na gcc hana kosa. Kinachokusumbua ni alama za kunukuu. Kwenye inputs, orodha ya vifurushi vinavyohitajika, umeandika:

(inputs '(("gmp" ,gmp)))

Alama hiyo iliyosimama, ', hugandisha kila kilichomo ndani ya mabano. gmp (maktaba ya hesabu) inabaki jina tupu, haikifikii kifurushi chenyewe, na mkato wako (,) haufanyi lolote. Mkato unataka ile alama iliyoinama, `. Fungua guix repl, pale pa kujaribia msimbo, uone:

'(1 ,(+ 1 1)) inatoa (1 (unquote (+ 1 1)))
`(1 ,(+ 1 1)) inatoa (1 2)

Hata hivyo mtindo huo ni wa zamani. Siku hizi ni (inputs (list gmp)), bila alama hata moja, basi. Ukikuta faili la zamani, guix style -S inputs hukubadilishia.

Kwenye arguments, yaani maelekezo ya ujenzi, ndiko kwenye kazi. Faili lako hufanyiwa kazi mahali pawili: kwanza kwenye Guile yako (lugha inayotumiwa na Guix), unapoita guix build, kisha vipande vingine hupelekwa kwenye chumba cha ujenzi, ambacho hakijui chochote kuhusu faili lako. #~ inasema: usikiguse sasa, kipeleke huko. #$ inasema: hiki kokotoa hapa hapa, upachike jibu. Kwa hiyo:

(arguments
 (list #:configure-flags
       #~(list (string-append "--with-gmp="
                              #$(this-package-input "gmp")))))

Ukiandika gmp humo bila #$, utapata "Unbound variable: gmp", tena wakati wa ujenzi wenyewe, ndiyo maana ukadhani ni gcc. Na ukiandika #~("--disable-static"), Guile itadhani hayo maneno ni kitendo cha kuitwa, ikujibu "Wrong type to apply". Weka #~(list "--disable-static"), au #~'("--disable-static"); ndiyo, ile iliyosimama ina kazi yake hapo. Hata majina ya hatua za ujenzi yanaitaka: (add-after 'unpack 'rekebisha-njia ...).

Kila ukikwama, jiulize hicho kipande kinaendeshwa wapi: kwako au chumbani?

Halafu tafadhali, misimbo usiitume kwa WhatsApp! Alama zilizoinama huliwa kama mapambo ya maandishi, na simu nyingine hupinda zile zilizosimama zikawa ’ ambayo Guile haiitambui kabisa. Tuma faili lenyewe.

Sasa niambie: mbona umeweka #:tests? #f, ukazima majaribio? Majaribio yalianguka au ulichoka kusubiri? Unatumia toleo gani la Guix, na umefanya guix pull (kuisasisha) lini? Na zile pesa za mchango wa harusi, nimpe nani?

Wako,
Juma