Nyumba ya mnada nimelipa, funguo sijapewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matangazo ya minada ya nyumba zilizowekwa rehani, ambayo siku hizi hayakosekani katika kurasa za magazeti yetu. Matangazo hayo hutaja namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa wa eneo, siku na saa ya mnada, na aghalabu huongeza kwamba mshindi atalipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14, la sivyo fedha zake za awali zitapotea. Yasichosema ni lini mshindi huyo atakabidhiwa nyumba. Mimi nililipa kila senti kwa wakati, na huu ni mwezi wa 19 nikiwa bado mpangaji wa chumba na sebule Kinyerezi.

Nilistaafu utumishi nikiwa na kiinua mgongo na hofu ya kuanza kujenga katika umri huu, kwa kuwa nimewaona wenzangu wengi waliofia kwenye msingi. Nyumba iliyokwisha jengwa, iliyopimwa na yenye hati, ilionekana njia salama zaidi. Nilipoona tangazo la nyumba moja Tabata nilikwenda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, nikakuta rehani imesajiliwa na hakuna zuio lolote lililowekwa. Niliuliza kuhusu notisi ya siku 60 ambayo kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji ampe mkopaji kabla ya kuuza, nikaonyeshwa nakala yake. Zile siku 14 za kutangaza mnada, zinazotakiwa na sheria ya madalali, nazo zilitimia. Nyundo iligongwa kwa shilingi milioni 96. Nililipa milioni 24 siku hiyohiyo na milioni 72 siku ya kumi na moja.

Siku ya ishirini, wakati nyaraka za kuhamisha miliki zikiwa mezani kwa mwanasheria wa benki, mke wa mkopaji alifungua shauri akidai kwamba hakuwahi kuridhia nyumba hiyo iwekwe rehani, na kwamba mwanamke ambaye saini na picha yake vimo katika fomu ya ridhaa hamfahamu. Mahakama ikatoa zuio la muda, na tangu hapo hakuna kilichosogea.

Mama huyo simlaumu hata kidogo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya familia haiwi halali bila ridhaa ya mwenzi, na ni sheria njema, kwa sababu wapo waume ambao wangeiweka rehani hata paa iliyo juu ya vichwa vya watoto wao na mke akaja kujua siku dalali anapopita na kipaza sauti. Kama anasema kweli au la, mahakama ndiyo itakayoamua. Kinachonisumbua ni jambo lililojitokeza kwenye nyaraka za shauri: alikuwa ameiandikia benki barua ya malalamiko yapata miezi miwili kabla ya mnada. Barua ile ilikuwa ndani ya faili la benki asubuhi ile niliyosimama juani nikipandisha bei dhidi ya wanunuzi wengine wawili, na hakuna aliyetuambia.

Shauri lenyewe limekwenda kama mashauri mengi ya ardhi yanavyokwenda. Mara wakili wa upande huu ana udhuru, mara jalada halijafika, mara jaji amepangiwa kituo kingine na mpya anahitaji muda wa kulisoma. Kila linapotajwa mimi huondoka nyumbani alfajiri ili foleni isinicheleweshe, nakaa kwenye benchi, na ndani ya dakika tano tunapewa tarehe nyingine. Nimelazimika kuweka wakili wangu mwenyewe katika ugomvi ambao sikuuanzisha, huku kila mwezi nikilipa kodi ya pale ninapoishi. Nyumba niliyonunua inazidi kuchakaa, kwani anayeishi ndani yake hana sababu ya kuziba bati linalovuja katika nyumba ambayo huenda akatolewa, nami siruhusiwi kuligusa. Kodi ya pango la ardhi nayo inaendelea kujilimbikiza, na sina shaka atakayetakiwa kuisafisha siku ya kuhamisha miliki ni nani.

Nilipokwenda benki kuomba angalau waniambie wamefikia wapi, kijana mmoja mwenye adabu nyingi alinijibu, "Mzee, tulikuuzia nyumba kama ilivyo." Nikamuuliza kama hilo linajumuisha na waliomo. Alitabasamu, akaniomba niandike barua. Nimekwisha andika nne.

Najua wanasheria watanikumbusha kifungu cha 135, kinachomlinda mnunuzi wa nia njema, yaani aliyenunua bila kujua kasoro yoyote, na kumwelekeza aliyedhulumiwa na mauzo adai fidia kwa mkopeshaji aliyeuza. Nimekisoma. Lakini kinga hiyo hainipi ufunguo wa mlango, na kwa kadiri zuio linavyodumu hainipi hata jina langu kwenye hati. Katika kipindi hiki chote mkopaji anaishi ndani ya nyumba na benki imekwisha jirudishia deni lake. Mtu pekee ambaye hakuvunja ahadi yoyote ndiye asiye na nyumba wala fedha.

Wapo pia wanaosema kwamba anayenunua nyumba ya mnada ananunua kwa bei ya kutupa, hivyo avumilie. Hoja hii haina uzito kama inavyodhaniwa. Kifungu cha 133 kinamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayopatikana, na bei ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko anachukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Nafuu niliyoipata ilikuwa ndogo na imekwisha liwa na gharama za wakili. Zaidi ya hayo, hatari ambayo muuzaji anaijua na mnunuzi haijui haiwezi kusemwa kwamba imepunguzwa kwenye bei.

Ninachopendekeza kwa wizara inayohusika na ardhi, na kwa wale wanaozisimamia benki, hakihitaji mahakama mpya. Kwanza, salio la mnunuzi lisiingizwe kwenye deni la mkopaji siku linapolipwa, bali liwekwe katika akaunti maalumu isiyoguswa mpaka miliki ihamishwe na nyumba ikabidhiwe. Muda uliowekwa ukipita, mnunuzi awe na haki ya kurudishiwa fedha zake pamoja na riba. Nina hakika barua zangu zingejibiwa upesi zaidi kama zile milioni 72 zingekuwa bado zinaning'inia. Tangazo la mnada nalo liseme wazi nani anaishi katika nyumba, kama lipo shauri au lalamiko la maandishi, na nani atakayebeba jukumu la kuwaondoa waliomo. Baadhi ya wanunuzi watakimbia wakisoma hayo, na bei itashuka, jambo ambalo mabenki hayatalipenda. Huenda litayafanya yamwangalie vizuri zaidi mwanamke anayeletwa kusaini kama mke, siku mkopo unapotolewa.

Shauri letu limepangwa kutajwa tena mwezi ujao. Wakili wangu ameniambia si lazima nihudhurie, lakini nitakwenda.

Mstaafu,
Kinyerezi, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)