Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Boti Inayorudi Si Ile Iliyotoka

Ndugu wanachama,

Boti zetu zote zilizotoka kuvua jodari mwaka huu zimerudi, na watu wote wamerudi nazo. Ipo siku moja ambayo ilibaki kidogo nisiweze kuyaandika maneno hayo, na nahodha wa siku hiyo nilikuwa mimi. Wengi wenu mmesikia vipande vipande. Leo naisimulia yote, kwa kuwa ombi nililo nalo mwishoni mwa taarifa hii limetokana nayo.

Tulikuwa watu watatu katika boti ya faiba ya mita 7. Tulitoka alfajiri, tangi lina lita 200 za petroli, sanduku la barafu limefungwa upande wa kushoto ili upande wa kulia ubaki wazi kwa kazi. Hadi saa nane mchana tulikuwa na jodari wanne sandukuni, wa kilo 30 hivi kila mmoja. Wa tano akashika. Akazamia upande uleule wa kushoto, nasi sote tukasogea huko, mmoja na mshipi, mmoja na ngoe ya kumwopolea samaki, na mimi, kosa langu la kwanza, nikauacha usukani ili nisaidie. Boti ikageuka yenyewe taratibu mpaka tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikaelekea mawimbi.

Wimbi lililoingia halikuwa kubwa. Liliruka tu ukingo wa nyuma na kumwaga maji sitahani. Maji yalipaswa kutoka kwa matundu mawili ya nyuma. Moja lilikuwa limezibwa na magamba na kipande cha nailoni kisichozidi urefu wa kiganja. La pili, kwa jinsi tulivyolala kushoto, lilikuwa tayari chini ya usawa wa bahari. Likawa linaingiza maji badala ya kuyatoa. Wimbi la pili likatukuta hivyo.

Nawaomba mpige hesabu pamoja nami. Sitaha ya mita 2 kwa 3, maji ya kina cha sentimita 10, yaani yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Hizo ni lita 600, na maji ya chumvi ya kiasi hicho yana uzito unaopita kilo 600. Ni kama watu wanane wamepanda ghafla, na watu hao hawakai mahali pamoja: boti ikilala kushoto nao wote wanakimbilia kushoto. Niliukata mshipi, nikarudi kwenye usukani, nikageuza omo, yaani sehemu ya mbele, kukabili mawimbi na kuongeza mwendo. Maji yakakimbilia nyuma, mwenzetu akalizibua tundu kwa kidole, na mwingine akafua maji kwa dumu lililokatwa mdomo. Samaki alikwenda zake na ndoana. Wahenga walituambia enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na siku ile niliuona ngama wetu, yaani chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, kwa karibu kuliko nilivyopenda.

Nilipotulia nyumbani nilijiuliza kwa nini boti iliyotoka alfajiri ikiwa imara hivyo ilikuwa dhaifu mchana. Jibu ni uzito. Petroli ni nyepesi kuliko maji, na lita 200 zina kilo 150 hivi. Tulikuwa tumeshachoma nusu, kwa hiyo kilo 75 zilikuwa zimetoka chini kabisa ya boti, mahali uzito unapofanya kazi ya farumi, yaani kukituliza chombo. Papo hapo tulikuwa tumepandisha kilo 120 za samaki juu ya sitaha, upande mmoja, ndani ya sanduku lenye barafu iliyoanza kuyeyuka. Uzito wa chini umeondoka, wa juu umeingia, na mafuta yaliyobaki tangini na maji ya sandukuni yote yana nafasi ya kucheza. Sisi huwa tunaipanga boti asubuhi, gatini, maji yakiwa yametulia. Inayohitaji kupangwa ni boti ya saa tisa mchana, yenye samaki, yenye tangi lililopungua, upepo umeongezeka na watu wamechoka.

Kwa hiyo sanduku likae katikati, kushoto na kulia kukiwa sawa, na lisogee nyuma kidogo tu ya kiini cha boti. Msilipeleke omo kwa kutafuta nafasi. Boti yenye omo nzito ikirudi na mawimbi ya nyuma hutumbukiza pua kwenye wimbi lililo mbele, tezi inapoteza mshiko, chombo kinageuka ubavu na wimbi linalofuata linakipindua. Ukirudi na mawimbi nyuma yako, kaa mgongoni mwa wimbi, punguza au ongeza mafuta ili usilipite wala usiachwe. Ni kazi inayochosha mkono, lakini haraka ya kufika nyumbani ndiyo inayowafanya watu wateleze juu ya wimbi kama ubao. Kama sanduku lina nafasi tupu, lijazeni kwa magunia au ligaweni kwa ubao, ili barafu na maji visihame kwa pamoja.

Kuhusu namna ya kumshughulikia samaki akishashika, nasema kwa mkazo: mshika usukani haachi usukani, hata jodari awe mkubwa kiasi gani. Boti iendelee kusogea mbele polepole, omo ikielekea mawimbi kwa mshazari, samaki akiwa pembeni ya tezi, mbali na panga la mashine, yaani propela. Jodari akichoka huzunguka chini ya boti, na hapo ndipo mshipi hukwangua kwenye faiba au kuingia kwenye panga. Nahodha akigeuza usukani mapema kufuata mzunguko wake, mshipi unabaki wazi. Wanaotumia mshipi wa mkono waulaze kwenye ndoo au kapu. Mwaka huu nimeona kwa macho yangu kitanzi cha nailoni kikikaza kwenye buti la kijana mmoja samaki akiwa anakwenda chini. Buti lilichomoka mguuni na yeye akabaki. Asizungushe mtu yeyote mshipi mkononi, glovu ziwepo au zisiwepo, na kisu kikali kiwe mahali ambapo kila mtu anakifikia bila kuangalia.

Sasa vifaa. Redio ya upepo (VHF) ipo katika kila boti yetu, lakini watu wengi wanaiamini kupita uwezo wake. Mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo urefu wa antena ndio unaoamua. Boti ndogo mbili zenye antena fupi zitasikilizana kwa maili za bahari sita hadi kumi, basi. Kwa anayekwenda mbali zaidi, boya la dharura la setilaiti la megahezi 406 si anasa. Likishawashwa hutuma ishara kwa saa 48 au zaidi, na kama limesajiliwa, waokoaji wanajua wanatafuta boti ya nani. Angalieni tarehe ya betri yake leo, sio siku ya safari. Liwekwe pale litakapoweza kuelea likiwa huru boti ikipinduka, lisifungiwe chini ya viti.

Pampu ya ngama ya umeme ni msaada mzuri mpaka betri izame. Betri ipandishwe juu ya kiwango ambacho maji yanaweza kufika, ifungwe kwa mkanda, na pampu ya mkono iwepo vilevile. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe kwenye mwili wa nahodha kila mashine inapowaka. Kwenye mafuta tumezoea hesabu ya theluthi, moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba, na sioni sababu ya kuibadilisha. Chujio linalotenganisha maji na petroli liwe na kikombe kinachoonyesha, mkiangalie kabla ya kuwasha. Karibu kila mashine iliyotuzimikia baharini mwaka huu ilikuwa na maji kwenye mafuta.

Barafu nayo ina sehemu yake katika habari ya uzito, kwa kuwa wapo wanaopunguza barafu ili kubeba samaki wengi. Msifanye hivyo. Jodari si kama samaki wengine: mishipa yake ya damu imepangwa ili kuhifadhi joto la misuli, na baada ya mapambano mwili wake huwa moto kuliko maji aliyotoka. Asipotolewa damu mara moja na kuzamishwa kwenye mchanganyiko wa barafu na maji ya bahari, nyama hupauka na kulegea, na mnunuzi anaiona kwa jicho tu. La hatari zaidi ni histamini. Bakteria huitengeneza samaki akikaa kwenye joto, na ikishatengenezwa haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Mla samaki huyo hupata uso mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Kwa hiyo hesabu ya barafu ianze kwanza, angalau kilo moja kwa kila kilo ya samaki, kisha idadi ya samaki ifuate. Sanduku likijaa, safari imekwisha, hata kama ndege bado wanapiga mbizi mbele yetu.

Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika na waliohudhuria walijifunza kutoa ndoana mwilini. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina mwenyewe.

Ombi langu ni moja. Kabla ya msimu kuanza, kila boti ipimwe ikiwa katika hali ya kurudi. Tangi liwe na theluthi moja ya mafuta, sanduku lijazwe maji kufikia uzito wa barafu na samaki tunaotarajia, kisha mabaharia wote wasimame ukingo mmoja. Tuangalie matundu ya sitaha yamebaki juu ya bahari kwa kiasi gani, tuweke alama ya rangi ubavuni. Boti ambayo tundu lake litazama ihamishe sanduku au ipunguze samaki, ipimwe tena. Nauomba mkutano uipitishe kuwa kanuni ya chama.

Boti yangu itakuwa ya kwanza, Jumamosi inayofuata mkutano, asubuhi maji yakiwa yametulia. Nahitaji watu watatu wa kusimama ukingoni.