Barua kwa mwanangu: Patel na hesabu za maharaja

Mwanangu Salma,

Baada ya salamu, rasimu ya insha yako juu ya Sardar Vallabhbhai Patel, naibu waziri mkuu wa kwanza wa India huru, imefika na nimeisoma. Chuma kimezidi humo: mtu wa chuma, ngumi ya chuma, kisha sanamu ya mita 182 kule Gujarat. Hayo msomaji anayajua. Asichokijua ni kwamba kazi kubwa ya mzee yule ilikuwa makaratasi na hesabu, na huko ndiko ningependa uelekeze kalamu.

Maisha yake ya awali yapitie haraka. Alizaliwa Nadiad mwaka 1875, akawa wakili, akaongoza manispaa ya Ahmedabad miaka ya 1920. Penye uzito ni Bardoli, tarafa ya wakulima huko Gujarat, 1928. Serikali ya Bombay ilipandisha kodi ya ardhi kwa takriban asilimia 22. Patel aliwaapisha wakulima wasilipe, akaigawa tarafa katika kambi zenye wasimamizi wake, na taarifa ikachapishwa kila siku ili uvumi usitangulie. Serikali ikakamata nyati wa maziwa na kunadi mashamba, lakini wanunuzi wa pale pale hawakujitokeza, maana aliyenunua alitengwa na kijiji kizima. Tume iliyoundwa baadaye ikaona nyongeza iliyostahili ni asilimia 6 na ushei tu. Jina la Sardar, yaani kiongozi, lilimshika hapo.

Sasa zile milki za maharaja na manawabu, watawala wa kienyeji waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Zilikuwa zaidi ya 550, zikishika karibu asilimia 40 ya ardhi ya India kabla haijagawanywa. Mamlaka ya mfalme wa Uingereza juu yao yalikuwa yanakoma 15 Agosti 1947, na hakuna serikali iliyoyarithi. Kila mtawala angebaki peke yake, huku reli na nyaya za simu zikikatiza nchi yake. Idara ya Milki, chini ya Patel, ilianza kazi Julai. Muda uliobaki haukufika wiki sita.

Patel na katibu wake, V. P. Menon, walitumia nyaraka mbili. Ya kwanza, Hati ya Kujiunga, iliomba mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Hayo Waingereza walikuwa wameyashika tangu zamani, kwa hiyo mtawala aliona hapotezi kitu. Kodi na mahakama vilibaki kwake. Ya pili ilikuwa mkataba wa kuacha mambo yaendelee kama yalivyokuwa, ili treni, posta na forodha zisikwame. Asiyesaini ya kwanza hakupewa ya pili. Hiyo ndiyo kabari yenyewe, na kwenye rasimu yako haimo kabisa.

Kufikia 15 Agosti karibu zote zilikuwa zimesaini, isipokuwa hasa Junagadh, Hyderabad na Kashmir. Wewe umeishia hapo kana kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Rasi ya Kathiawar, huko Gujarat, peke yake ilikuwa na milki na vijimilki zaidi ya 200, vingi visivyoweza hata kujilipia polisi wa maana. Kuanzia Desemba 1947, zikitangulia zile za Orissa, mashariki mwa India, watawala waliombwa wakabidhi utawala wote. Badala yake walipewa posho ya kila mwaka isiyokatwa kodi ya mapato. Kanuni iliyotumika Orissa ilipimwa kwa mapato ya wastani ya milki: asilimia 15 ya laki (yaani 100,000) ya kwanza ya rupia, asilimia 10 ya laki nne zinazofuata, na asilimia 7.5 ya kinachozidi, mradi jumla isipite laki 10. Mwenye milki ya mapato ya laki 10 alipata basi 15,000, kisha 40,000, kisha 37,500: rupia 92,500. Weka mfano huo kwenye insha. Unaeleza zaidi ya kurasa tatu za sifa. Wakubwa wachache walipewa zaidi ya kikomo.

Junagadh usikae nayo sana. Nawabu Mwislamu, raia wengi Wahindu, akajiunga na Pakistan bila kupakana nayo kwa nchi kavu. India ikaichukua Novemba 1947 na kura ya wananchi ikapigwa Februari 1948. Kashmir ilikuwa zaidi mikononi mwa waziri mkuu, Nehru.

Hyderabad ndipo utaratibu ule ulipovunjika. Novemba 1947 Nizamu, mtawala wake, alipewa mkataba wa kuacha mambo yalivyo kwa mwaka mmoja bila kusaini kujiunga, yaani kabari iliondolewa. Mazungumzo yakazorota, wanamgambo wa Razakar waliomuunga mkono Nizamu wakaongezeka nguvu, na Septemba 1948 jeshi la India likaingia. Lilihitaji siku tano tu. Rasimu yako inasifia siku hizo tano kisha inaruka. Usiruke. Waislamu wengi waliuawa baadaye, na kamati ya Pandit Sunderlal, iliyotumwa na serikali yenyewe, ilikadiria vifo kati ya 27,000 na 40,000. Ripoti yake ilifichwa kwa miongo mingi. Anayemsifu Patel kwa Hyderabad aubebe na ukurasa huo.

Patel alifariki 15 Desemba 1950. Posho alikuwa ameitetea mbele ya Bunge la Katiba mwaka 1949, na ikaandikwa katika Katiba, ibara ya 291. Serikali ya waziri mkuu Indira Gandhi iliifuta mwaka 1971 kwa marekebisho ya 26 ya Katiba. Mwalimu wako huenda akauliza kama ahadi ilivunjwa. Kwa maoni yangu ilivunjwa, ingawa kwa njia halali; wewe pima, ila jibu lako lisimame juu ya ibara na marekebisho hayo, na si juu ya sanamu.

Wasalaam,
Baba yako