Kulungu wapo shambani kwako, ila usiku tu

Kazi yetu ni kuandaa ardhi za watu wanaowinda kulungu mkia-mweupe wa Amerika Kaskazini, na malalamiko tunayoyasikia kuliko mengine yote kutoka kwa wenye ardhi ni haya: "Nimelima, nimemwaga chokaa, nimepanda klova ya malisho, na kamera nilizozitega zinaonyesha kulungu kila siku. Nikipanda ulingoni na bunduki, hakuna kitu." Tunakaa naye tuziangalie picha. Saa tano usiku. Saa nane usiku. Saa kumi alfajiri. Kulungu hawajakosekana. Mchana wanalala kwa jirani, giza likiingia wanakuja kula kwako.

Ndiyo maana mteja akituita tumlimie malisho, kwanza tunaomba kutembea msituni kwake.

Kulungu hucheua kama ng'ombe, lakini ulaji wake si wa ng'ombe. Mdomo wake ni mwembamba na anachagua: chipukizi hapa, jani pana pale, matunda ya mwaloni yanapoanguka. Nyasi zilizokomaa hazina faida kubwa kwake. Sasa fikiria msitu wa miti mirefu iliyofungana juu, ule ambao mwenyewe anaupenda kwa sababu anapita chini yake bila kuinama. Jua halifiki ardhini, kwa hiyo hakioti cha kula wala cha kujifichia, na majani yaliyo juu ya mita moja na nusu hivi hayafikii. Kwa mnyama huyu, hapo ni mahali pa kupita tu.

Dawa yake ni msumeno. Tunapunguza miti, tunaibakiza mialoni inayozaa vizuri, mwanga unashuka. Miti mingine midogo tunaikata nusu na kuilaza bila kuitenganisha na kisiki, ili iendelee kuishi na kuchipua pale mdomo unapofika. (Kazi hii usiijaribu mwenyewe kama hujafundishwa. Mti uliokatwa nusu unaweza kupasuka na kumrukia aliyeshika msumeno.) Mahali ambapo sheria inaruhusu, moto wa mpango, wenye njia za kuuzuia na watu wa kutosha wa kuulinda, nao huamsha magugu ambayo kulungu anayapenda kuliko vingi tunavyopanda kwa trekta. Baada ya miaka michache, palipokuwa wazi panakuwa kichaka ambacho huoni hatua kumi mbele. Hapo ndipo kulungu atalala mchana.

Halafu linakuja jambo ambalo wateja wetu huliona gumu kuliko kukata miti: kutoingia. Kichaka kikishafunga, tunamwomba mwenye ardhi asikikanyage tena hadi msimu wa kuwinda uishe, isipokuwa anafuata mnyama aliyejeruhiwa. Kulungu anaishi kwa pua yake. Ukipita asubuhi kuangalia kamera, harufu yako inabaki njiani baada ya wewe kuondoka, na madume wazee hawahitaji kuinusa mara nyingi kabla ya kuhamishia safari zao usiku. Kwa hiyo tunachora njia ya kwenda ulingoni kwa kufuata upepo. Ulingo ambao huwezi kuufikia bila harufu yako kupeperushwa hadi malaloni tunauhamisha, hata kama unatazama eneo zuri namna gani. Kuna mashamba ambayo kazi yetu ya mwaka wa kwanza ilikuwa hiyo tu, na mbegu hatukupanda.

Ukubwa wa ardhi nao una neno lake. Dume la kulungu mkia-mweupe linaweza kuzunguka eneo la hekta 250 au zaidi, kwa hiyo mwenye hekta 20 anamtunza mnyama ambaye muda mwingi yuko kwa wengine. Ongea na majirani. Pembe hufikia ukubwa wake dume likiwa na miaka 5 hadi 7 hivi, na hakuna malisho yatakayokupa pembe hizo kama kila dume la mwaka mmoja na nusu linapigwa kwenye mpaka.

Tunasema wazi pia kuhusu majike. Chakula kikiwa kizuri, jike huzaa mapacha mara nyingi, na wakizidi wanamaliza miche ya mwaloni na machipukizi yote tuliyoyahangaikia. Mteja asiyekuwa tayari kuvuna majike, kwa kibali na kwa idadi inayoruhusiwa na mamlaka ya wanyamapori, tunamshauri asianze kazi hii.

Na wale wanaotuomba tuwamwagie mahindi mbele ya ulingo, jibu letu ni hapana. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ulioonekana kwanza Colorado, Marekani, mwaka 1967, hauna tiba wala chanjo. Protini mbovu zinazousababisha hupita kwenye mate, mkojo na kinyesi, na hudumu udongoni kwa miaka. Rundo la chakula linakusanya midomo mingi mahali pamoja.

Wakati mzuri wa kutuita ni mara msimu wa kuwinda unapoisha, majani yakiwa yameanguka. Njia zao zinaonekana, malalo yanaonekana, na tukiwasumbua wana miezi ya kusahau. Picha za kamera usizifute, tutazihitaji na saa zake.